Nani Ashike Ufunguo wa Koeberg?

Mwezi wa Julai, 2024, idara inayosimamia usalama wa nyuklia katika Afrika ya Kusini ilitoa idhini kwamba kinu cha kwanza cha mtambo wa umeme wa Koeberg kiendelee kufanya kazi kwa miaka 20 zaidi, yaani mpaka mwaka 2044. Mwaka 2025 kinu cha pili nacho kikapata idhini ya namna hiyo hiyo. Vinu hivyo viwili vilijengwa kwa hesabu ya kutumika miaka 40, na miaka hiyo ilikuwa imetimia. Kwa hiyo jambo lililoamuliwa huko si dogo. Ni sawa na kumwambia mzee aliyefikia umri wa kustaafu kwamba atafanya kazi tena nusu ya miaka aliyokwisha kuifanya, na mzee mwenyewe amebeba moto kifuani.

Huenda msomaji wetu akauliza: Koeberg iko mwisho kabisa wa bara letu, kiasi cha kilomita 30 kaskazini ya Cape Town, yatuhusu nini sisi? Yatuhusu kwa sababu tatu. Kwanza, hadi mwaka 2025 huo ndio uliokuwa mtambo pekee katika Afrika nzima uliotoa umeme wa taifa kwa nguvu ya atomi, na kila nchi ya Kiafrika inayofikiria jambo hilo hutazama huko. Pili, historia yake imefungamana na vita vya ukombozi ambavyo Chama chetu kilivibeba mabegani, tangu kambi ya Kongwa hata mkutano wa ANC uliofanyika Morogoro mwaka 1969 na shule iliyojengwa Mazimbu. Tatu, urani, ambayo ndiyo kuni za mtambo huo, imo katika ardhi yetu wenyewe.

Hoja yetu ni moja, nayo twaitaja mapema. Twasema kwamba mtambo wa atomiki hauna siri isiyoweza kuelezwa kwa mfanyakazi wa kawaida. Wenye siri ni watu. Na katika historia ya Koeberg, kila mahali ambapo siri iliwekwa, iwe ni siri ya Makaburu au ya waliokuja baada yao, hasara ilimwangukia mwananchi.

MOTO USIO NA MOSHI

Yafaa basi tuanze na mtambo wenyewe, maana mtu hawezi kuulizia kitu asichokifahamu.

Kila aliyefanya kazi katika reli ya zamani anajua boila ni nini. Moto huchemsha maji, maji huwa mvuke, mvuke husukuma chuma, gari moshi likaenda. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe hufuata kanuni hiyo hiyo: mvuke hupiga mapanga ya gurudumu kubwa, gurudumu huzungusha jenereta, jenereta hutoa umeme. Koeberg nayo ni boila. Tofauti yake ni moto tu. Badala ya kuchoma makaa, Koeberg hupasua viini vya atomi za urani.

Urani inayochimbwa ardhini si ya aina moja. Katika kila atomi 1,000 za madini hayo, kama 7 tu ndizo za ile aina iitwayo urani 235, ambayo hupasuka kwa urahisi. Kwa ajili ya kinu kama cha Koeberg, sehemu hiyo huongezwa kwa ufundi mgumu mpaka ifikie kiasi cha sehemu 3 hadi 5 katika kila 100. Huko ndiko kuirutubisha urani. Kisha hufanywa vidonge vidogo, kila kimoja kama ncha ya kidole, navyo hupangwa ndani ya mabomba membamba ya madini ya zirkoni yenye urefu unaokaribia mita 4. Mabomba 264 hufungwa kuwa tita moja, na matita 157 huingizwa ndani ya kila kinu. Kwa hesabu hiyo, kinu kimoja kina mabomba zaidi ya 41,000.

Kiini cha urani 235 kikipigwa na chembe iitwayo nyutroni, hupasuka vipande, hutoa joto jingi, na hurusha nyutroni nyingine mbili au tatu. Nazo zikipiga viini vingine, kazi huendelea yenyewe. Ili kazi hiyo isipite kiasi, nyutroni za ziada yapasa zinyonywe. Kwa hiyo ziko fito maalumu zinazoshushwa katikati ya matita au kupandishwa, na ndani ya maji ya kinu hutiwa boroni, ambayo nayo hunyonya nyutroni. Fito zote zikiangushwa chini, upasukaji hukoma kwa muda wa sekunde chache.

Maji ya ndani ya kinu yana kazi mbili. Huchukua joto, na hupunguza mwendo wa nyutroni, kwa maana nyutroni inayokwenda kasi mno hupita bila kupasua. Maji hayo hufikia joto la nyuzi zaidi ya 300, lakini hayachemki, kwa sababu yamebanwa kwa kani iliyo mara 155 ya ile ya hewa tunayoivuta. Kutoka kinuni huingia katika boila tatu kubwa. Humo hupita ndani ya vibomba vingi vyembamba, na nje ya vibomba hivyo kuna maji mengine kabisa. Ni kama mama anayepasha maziwa ya mtoto kwa kuweka chupa ndani ya maji ya moto: joto hupita, lakini maji na maziwa hayachanganyiki. Hayo maji ya pili ndiyo yanayogeuka mvuke na kulizungusha gurudumu mara 1,500 kwa dakika. Halafu huja maji ya tatu, nayo ni ya bahari ya Atlantiki, baridi sana, yanayoupoza mvuke uwe maji tena. Maji ya bahari hayakutani na maji ya kinu.

Kila kinu cha Koeberg hutoa joto la megawati 2,775, na katika hizo ni kama megawati 930 tu zinazofika kwa mtumiaji zikiwa umeme. Theluthi mbili za joto hurudi baharini. Mtambo wa makaa nao hupoteza joto jingi, kwa hiyo hiyo si aibu ya atomi peke yake. Lakini ndiyo sababu mtambo huo ukajengwa ufukweni.

MAHALI ILIPO HATARI

Watu wengi hudhani kwamba kinu cha umeme chaweza kulipuka kama bomu la Hiroshima. Hakiwezi. Urani yake haikurutubishwa kiasi cha kutosha bomu. Na maji yakitoka kinuni, nyutroni hukosa cha kuzipunguza mwendo, upasukaji ukazimika wenyewe.

Hatari iko mahali pengine. Vipande vilivyobaki baada ya atomi kupasuka huendelea kutoa joto na mionzi hata baada ya kinu kuzimwa. Mara tu kinu kinapozimwa, joto hilo bado ni kama sehemu 6 au 7 katika 100 za joto la kazi. Kwa kinu cha Koeberg hizo ni megawati zaidi ya 150, nazo hupungua polepole kwa saa, siku na miezi. Mtu akizima jiko la makaa akaenda zake, jiko hupoa. Lakini kinu cha atomi kikizimwa, lazima pampu ziendelee kusukuma maji, na pampu hizo zahitaji umeme. Hivyo ndivyo yalivyotokea maafa ya Fukushima, nchini Japani, mwezi wa Machi, 2011. Tetemeko lilipokuja, vinu vilizimika kama ilivyotakiwa. Bali mawimbi ya bahari yaliingia katika injini za dizeli zilizowekwa kwa ajili ya dharura, pampu zikasimama, na vinu vitatu vikayeyuka ndani.

Koeberg imejengwa juu ya pedi zenye mpira kati ya msingi na vinu, ili tetemeko likija jengo liteleze badala ya kuvunjika. Waliofanya hivyo hawakuwa wakiota, kwani mwaka 1809 ardhi ya upande huo ilitetemeka kwa nguvu karibu na mahali paitwapo sasa Milnerton.

Tukiyafahamu hayo, twaelewa kwamba usalama wa mtambo kama huo hautegemei kinu peke yake. Wategemea pampu, dizeli, bolti, daftari la zamu, na mtu anayethubutu kumwambia bwana mkubwa kwamba kitu fulani hakiko sawa. Hapo ndipo ufundi unapoishia na siasa inapoanza.

MTAMBO WA MAKABURU

Kwa nini Makaburu wakajenga Koeberg? Sababu ya kwanza ilikuwa ya kweli. Makaa ya mawe ya Afrika ya Kusini yako upande wa mashariki, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Cape Town, na kuusafirisha umeme mbali hivyo ni gharama. Urani nayo walikuwa nayo. Tangu mwaka 1952 baadhi ya migodi ya dhahabu ya Rand ilikuwa ikitoa urani kutokana na mawe yale yale ya dhahabu. Wazee wetu wa Rungwe na kwingineko kusini waliokwenda Wenela wanaijua migodi ya Rand. Serikali ya TANU ndiyo iliyokata usafirishaji wa watu kwenda huko baada ya Uhuru.

Mkataba wa kujenga ulitolewa mwaka 1976, mwaka ule ule ambapo watoto wa Soweto walipigwa risasi. Kwanza kazi ilikuwa ielekee kwa kundi la makampuni ya Marekani, Uholanzi na Uswisi. Huko Uholanzi ubishi mkali ukatokea hata ndani ya serikali, kwa kuwa wengi hawakutaka nchi yao iwauzie Makaburu mtambo wa atomi. Wafaransa wakaingia upesi: Framatome wakachukua vinu, Alsthom magurudumu ya mvuke, na Spie Batignolles ujenzi. Maombi ya Afrika huru kwamba Makaburu watengwe hayakuwa na uzito mbele ya hundi.

Walioulizwa ni akina nani? Upande wa kaskazini ya Koeberg, katika miaka ile ile ya 1970, serikali ya ubaguzi iliujenga mji wa Atlantis kwa ajili ya watu ambao sheria zao ziliwaita Machotara. Watu hao walikuwa wamefutwa katika daftari la kawaida la wapiga kura mwaka 1956. Wakawekwa katika mchanga, mbali na kazi za mjini, na mtambo wa atomi ukawa jirani yao. Hawakuwa na mbunge wa kumtuma kuuliza swali hata moja. Waafrika weusi, ambao ndio wengi wa nchi, walihesabiwa kuwa wageni katika ardhi yao wenyewe.

Wakati huo huo, mbali na Koeberg, karibu na Pretoria, Makaburu walikuwa na kiwanda kingine kilichorutubisha urani kwa kiasi cha bomu. Walitengeneza mabomu sita ya atomiki. Dunia haikuambiwa rasmi mpaka tarehe 24 Machi, 1993, ambapo de Klerk alikiri bungeni, mabomu yakiwa yamekwisha kuvunjwa. Ni haki kusema kwamba urani ya mabomu hayo haikutoka Koeberg. Lakini siri ilikuwa ya nyumba moja. Makaburu walikataa kutia sahihi mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia mpaka mwaka 1991, na kwa sababu hiyo Marekani, kwa sheria yake ya mwaka 1978, ikawazuilia fueli ya Koeberg. Wakaipata Ulaya kwa njia ya madalali. Hivyo mtambo uliotajwa kuwa wa umeme tu ulilishwa kwa mlango wa nyuma tangu siku yake ya kwanza.

DESEMBA, 1982

Tarehe 9 Desemba, 1982, askari wa Makaburu waliingia Maseru, nchini Lesotho, wakaua watu 42, wakimbizi pamoja na Wabasotho wenyeji. Siku tisa baadaye, Jumamosi ya tarehe 18, mabomu manne ya kubandika yalilipuka ndani ya Koeberg, moja baada ya jingine.

Aliyeyaweka alikuwa kijana Mzungu wa Afrika ya Kusini, Rodney Wilkinson, aliyekuwa akifanya kazi katika ujenzi wa mtambo huo. Kabla ya hapo, yeye na mwenziwe Heather Gray walikuwa wamezichukua ramani za Koeberg na kuzipeleka kwa ANC nchini Zimbabwe. Umkhonto we Sizwe wakamrudisha kazini, naye akayaingiza mabomu kidogo kidogo kupitia lango lile lile la wafanyakazi. Hakuna aliyekufa. Fueli ilikuwa haijaingizwa ndani ya vinu, na siku iliyochaguliwa ilikuwa ya mwisho wa juma, watu wakiwa wachache. Kazi ilichelewa karibu mwaka mmoja na nusu. Kinu cha kwanza kilitoa umeme mwezi wa Aprili, 1984, na cha pili mwezi wa Julai, 1985.

Twayataja mambo hayo si kwa kujisifu kwa moshi wa baruti. Kuna mafundisho mawili ndani yake. La kwanza: wapigania uhuru walichagua wakati ambapo mlipuko usingeweza kumwaga mionzi juu ya wakazi wa Atlantis na Cape Town. Watu walioitwa magaidi waliwahesabu majirani wa Koeberg kuliko serikali iliyowawekea mtambo huo mlangoni. La pili: nchi nzima haikuwa na mahali palipolindwa zaidi ya hapo, na bado mtu mmoja mwenye kitambulisho cha kazi alipita langoni na mabomu. Siri haikuwa ulinzi. Ilikuwa pazia la kuwazuia raia wasione, na adui wa kweli wa serikali hiyo alikuwa tayari upande wa ndani wa pazia.

UFUNGUO WABADILISHA MKONO

Mwaka 1994 wananchi wa Afrika ya Kusini walipiga kura, na Koeberg ikawa mali ya taifa huru chini ya shirika la umeme la Eskom. Wengi tulitazamia kwamba pazia nalo litashuka. Twasema kwa udugu, kwa maana ANC ni chama ndugu na undugu si kusifiana tu: halikushuka lote.

Siku ya Krismasi, 2005, jenereta ya kinu cha kwanza iliharibika vibaya kwa sababu ya bolti iliyokuwa imeachwa ndani yake. Bolti moja! Mkoa wa Rasi ya Magharibi ukaingia katika giza la zamu kwa miezi, viwanda vikasimama, na sehemu kubwa ya jenereta ikabidi iletwe kwa meli kutoka Ufaransa. Mwishoni mwa Februari, 2006, uchaguzi wa serikali za mitaa ukiwa umebaki siku moja, waziri wa serikali aliwaambia watu kwamba haikuwa ajali. Watu wakaelewa kwamba ni hujuma. Uchunguzi haukuthibitisha hujuma yoyote. Fundi anayejua kwamba vifaa huhesabiwa kabla ya jenereta kufungwa angeweza kumweleza waziri huyo lililotokea, kama angeulizwa.

Mwaka 2014 serikali ilitia sahihi makubaliano na Urusi, na mpango uliokuwapo ulikuwa wa kujenga mitambo mipya ya atomiki ya megawati 9,600, yaani kama Koeberg tano. Hesabu za deni hilo hazikuwekwa wazi mbele ya wananchi. Vyama viwili vya raia, kimoja cha watetezi wa mazingira na kingine cha watu wa dini mbalimbali, vilikwenda mahakamani. Wanawake wawili, Makoma Lekalakala na Liz McDaid, ndio waliosimama mbele katika kesi hiyo. Tarehe 26 Aprili, 2017, Mahakama Kuu ya Rasi ya Magharibi ikaamua kwamba makubaliano hayo hayakufuata sheria. Taifa likaokolewa na watu walioambiwa kwamba mambo hayo ni makubwa kuliko akili zao.

Tena, mwaka 2022, idara ya usalama wa nyuklia ilipokuwa ikingojea kuamua kama Koeberg iongezewe miaka, mjumbe wa bodi yake aliyewakilisha vyama vya raia aliondolewa na waziri kwa kuwa alionekana kuwa na maoni dhidi ya nyuklia. Mwezi wa Januari, 2023, mahakama ikabatilisha uamuzi huo. Sisi hatusemi kwamba mjumbe huyo alikuwa na haki katika kila alilosema juu ya atomi. Twasema kwamba mkaguzi akijua ya kuwa anaweza kufukuzwa kwa kuuliza, hakagui tena, hutia muhuri tu.

FAIDA NA MZIGO

Mtu asitufahamu vibaya. Koeberg imefanya kazi. Kwa miaka 40 imetoa kiasi cha sehemu 5 katika kila 100 za umeme wa nchi ile bila moshi wa makaa, na wafanyakazi wake wamejenga ujuzi ambao hakuna nchi nyingine ya bara letu kusini mwa Sahara iliyo nao. Katika mwaka 2023, ambao ulikuwa mbaya kuliko yote kwa kukatika umeme huko, kila megawati ilikuwa na thamani. Boila zote sita za mvuke zimebadilishwa, za kinu cha kwanza mwaka 2023, za kinu cha pili mwaka uliofuata. Kazi hiyo ilipangwa kufanywa miaka mitano kabla, lakini ikakwama katika mashauri ya makampuni yaliyogombea mkataba na katika maandalizi yaliyochelewa. Iliwezekana mwishowe, na mafundi walioitenda wanastahili heshima.

Bali faida isihesabiwe bila mzigo. Mapipa ya taka zenye mionzi hafifu hupelekwa Vaalputs, katika nchi kavu ya Namaqualand, kiasi cha kilomita 600 kutoka Koeberg. Yamekuwa yakifukiwa huko tangu mwaka 1986. Umeme huwaka Cape Town, na taka hulala katika ardhi ya wafugaji wa Kinama. Yale matita ya urani iliyokwisha kutumika, ambayo ndiyo makali hasa, hayajapata makao ya kudumu. Yamekaa Koeberg yenyewe, mengine ndani ya mabwawa ya maji, mengine katika makasha mazito. Mionzi yake itadumu maelfu ya miaka. Hakuna serikali, wala chama, wala kampuni iliyowahi kudumu hivyo. Anayeamua kujenga kinu anaamua kwa niaba ya watu ambao lugha yao sisi hatutaijua.

SOMO KWETU

Sasa tugeuke nyumbani. Mwezi wa Julai, 2025, mtambo wa majaribio wa kuchenjua urani ulizinduliwa katika mradi wa Mto Mkuju, wilaya ya Namtumbo, mkoa wa Ruvuma. Kwa ajili ya mradi huo, mipaka ya Pori la Selous lililo katika orodha ya urithi wa dunia ilirekebishwa mwaka 2012. Jirani zetu wa Kenya nao wamekuwa na mpango wa mtambo wa atomi, na wakazi wa Uyombo, katika Kilifi, waliupinga waziwazi waliposikia kwamba umeelekezwa pwani yao, penye samaki na mikoko. Hatuna haja ya kukimbilia kusema ndiyo wala hapana. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina uwezo wa megawati 2,115, zaidi ya vinu vyote viwili vya Koeberg. Kwa hiyo hatuna njaa ya kumfanya mtu ale bila kutazama sahani. Tunayo nafasi ya kufikiri, na nafasi hiyo tuitumie.

Kwa maoni yetu, historia ya Koeberg yadai mambo manne kwa yeyote atakayegusa urani katika Afrika ya Mashariki, awe mchimbaji au mjenzi wa kinu.

Jambo la kwanza, habari zitolewe kwa Kiswahili, katika mikutano ya vijiji na matawi ya wafanyakazi, kabla ya sahihi kutiwa na si baada yake. Tumejaribu hapa kuonyesha kwamba kinu chaweza kuelezwa bila maneno ya kutisha. Mtaalamu anayesema kwamba wananchi hawataelewa, mara nyingi hataki waelewe.

Jambo la pili, anayekagua asiwe chini ya anayejenga au anayeuza. Tunayo Tume ya Nguvu za Atomiki. Ipewe watu, vyombo na kinga ya kisheria, ili neno lake la hapana lisiweze kufutwa kwa simu.

Jambo la tatu, gharama za taka, na za kuvunja mtambo au kufukia mgodi siku utakapozeeka, ziwekwe katika hesabu tangu mwanzo, na fedha zake zitengwe. Kampuni ya kigeni huja na tarehe ya kuondoka, lakini Mto Mkuju hautaondoka.

Jambo la nne, na kwetu ndilo kubwa, mfanyakazi anayeonya alindwe. Mgodini, vumbi la urani huingia kwanza katika mapafu ya mchimbaji. Katika kinu, bolti iliyosahauliwa huonekana kwanza na fundi wa zamu. Huyo akiwa anaogopa kuipoteza kazi yake, vipimo vyote vya Ulaya na Marekani havitatufaa kitu.

Vinu vya Koeberg vilijengwa na waonevu, vikarithiwa na wakombozi, na maji yake yakaendelea kuzunguka vile vile kwa kani ile ile. Chuma hakikujua kwamba serikali imebadilika. Wanaopaswa kujua, na kuonyesha kwa matendo, ni watu wanaoshika ufunguo. Na ufunguo huo ukiwa mikononi mwa wachache wasioulizwa, hata wawe ni wenzetu wa damu, Atlantis itabaki pale pale ilipowekwa na Makaburu: jirani ya moto, asiyeambiwa neno.

Wanachama wetu watakapokaa katika mikutano ya matawi huko Namtumbo na kwingineko, wasione haya kuuliza. Nani atapima vumbi? Matokeo yatabandikwa wapi? Nani atalipa baada ya miaka 30? Kiongozi atakayeyajibu maswali hayo kwa ukamilifu, tumwunge mkono. Atakayekasirika kwa kuulizwa, amekwisha kutujibu.